Mishipi Miwili Kiunoni

Siku ya Ijumaa mchana, wakati makarani wa mjini Machakos watokapo katika afisi zao kwenda kula, mtu akisimama kando ya barabara ataona jambo ambalo wazee wengi hulitikisia kichwa. Wasichana wamevaa mishipi miwili, na pengine mitatu, juu ya gauni moja. Wa chini ni mpana, wa ngozi nyeusi au ya hudhurungi. Juu yake umelazwa mwembamba wa shanga. Na wa tatu, wa mkufu, umelegezwa hata ukaning'inia penye nyonga. Wazee huulizana kama mshipi mmoja hautoshi kushika nguo, na kama huu si upotevu wa fedha. Swali hilo si baya. Lakini wale wasemao kwamba mtindo huu umeletwa na picha za wageni wamesahau mambo mengi, na baadhi ya mambo hayo yalivaliwa na nyanya zao wenyewe.

Ijumaa imetajwa hapa kwa sababu. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliwaagiza watumishi wake wavae mavazi yaliyotengenezwa nchini siku ya Ijumaa. Karani asiyeweza kushonesha suti nzima aweza kununua mshipi wa shanga, akauvaa juu ya suruali yake ya siku zote, na hakuna wa kumwambia kwamba hakutii. Ndivyo mshipi ulivyopata heshima afisini, na kitu kikiisha kupata heshima afisini hakikawii kuongezwa cha pili.

Kiswahili chenyewe ni shahidi katika shauri hili. Watu hawatungi majina mengi kwa kitu wasichokijali, nacho kiuno kimepewa majina kama mtoto wa mfalme. Mbali na mshipi na ukanda, kuna masombo, kitambaa kirefu ambacho mwanamume hujizungushia mara nyingi kiunoni. Kuna mahazamu, mshipi wa kiungwana ambao ndani yake huchomekwa jambia. Kuna ukumbuu, nguo iliyosokotwa na kufungwa kama kamba. Kuna mkwiji, yaani mfuko mwembamba mrefu wa fedha uliofungwa kiunoni ndani ya nguo, na kibindo, ambacho si mshipi bali ni pindo la nguo lililokunjwa likawa mfuko wa maskini. Upande wa wanawake kuna utunda, uzi wa shanga unaovaliwa ndani ambao hauhusu macho ya watu wa njiani. Kuna kondavi, shanga zilizofumwa zikawa mshipi mpana. Kuna kibwebwe, leso inayokazwa kiunoni mwanamke atakapo kucheza ngoma au kushika kazi ngumu. Na kuna mkaja, nguo ya kumkaza tumbo mama aliyejifungua. Huko pwani mkaja umekuwa hata jina la zawadi ambayo mama ya bibi arusi hupewa siku ya ndoa, kwa kukumbuka tumbo alilolifunga alipomzaa binti huyo.

Msomaji na aangalie majina hayo tena. Aliyevaa utunda hakuzuiwa kuvaa kibwebwe juu yake, wala mwenye mkwiji hakukatazwa masombo. Kinyume cha hayo, mkwiji ulihitaji masombo ya kuuficha. Mwungwana wa Unguja au Mombasa wa karne ya 19 alivaa kanzu, juu ya kanzu mahazamu na jambia, na juu ya hayo joho lililoachwa wazi mbele ili kazi ya sonara ionekane. Katika Oman hata leo mwanamume aliyevaa kwa siku kuu huwa na mshipi wa kushikia jambia lake, tena huzungusha shali kiunoni pamoja nao, na shali hiyo hupendeza zaidi ikiwa ya namna moja na kilemba. Mshipi hubeba uzito, shali hukaza na kupamba. Hapo ndipo penye siri yote ya jambo hili: kila kilichofungwa kiunoni kilikuwa na kazi yake. Kimoja kilishika nguo, kingine kilibeba kitu, kingine kilisema mvaaji ni nani. Mtindo wa siku hizi huharibika pale mishipi miwili inapofanya kazi moja.

Ukambani nako kulikuwa na ufundi wake, na ufundi huo wastahili kutajwa kwa urefu kidogo kwa kuwa unasahauliwa. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wachuuzi wakubwa wa pembe kati ya bara na Mombasa. Kivoi, mkubwa wa wachuuzi wa Kitui, ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849, na katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Misafara iliyoteremka na pembe ilipanda na nguo, shanga zilizotoka Venice, na masango, yaani waya mnene wa shaba. Wahunzi wa Ukambani hawakuuacha waya ule kama ulivyokuja. Waliuvuta na kuuvuta tena katika tundu za chuma hata ukawa mwembamba, wakaukata vipande vidogo, wakavikunja kimoja kimoja na kuviunga. Mikufu iliyotoka mikononi mwao ilikuwa laini kama uzi uliosukwa, nayo ilisifiwa na wageni wote waliopita. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba mwaka 1920, aliandika mengi kuhusu kazi za mikono za watu hawa. Mikufu ya namna hiyo imo leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mwanafunzi wa Kathiani au Mwala atakaye kuiona kwa wingi huenda ikampasa kupanda ndege.

Mikufu hiyo haikuvaliwa peke yake. Ilikwenda pamoja na ngozi na shanga, na katika shanga watu walikuwa wateuzi kuliko wanunuzi wa maduka ya leo. Mfanyabiashara aliyeleta rangi iliyokwisha kuchosha watu alirudi nayo, au aliitupa njiani. Joseph Thomson, alipokuwa safarini kwenda Umasaini mwaka 1883, alilazimika kukaa Taveta wakati wapagazi wake wakizitunga upya shanga alizozichukua, kwa maana Wamasai hawakukubali nyuzi ila za urefu walioutaka wao. Mtu ajidaiye kwamba fasheni ni jambo jipya katika Afrika ya Mashariki angefaa kuwauliza wapagazi wale.

Halafu mambo yakageuka. Wamisionari wa African Inland Mission walifika Ukambani mwaka 1895, na baada yao zikaja shule, afisi na mishahara. Aliyeingia darasani alitakiwa kuvua shanga na kuvaa shati. Shati lilikuwa zuri, wala hakuna karani leo atakayelikana. Lakini kwa muda wa miaka mingi ushanga ulihesabiwa kuwa alama ya mtu asiyejua kusoma, na waliosoma waliona haya kuonekana na mama zao waliovaa vya zamani. Hasara haikuwa ya urembo tu. Fundi asiye na mnunuzi hamfundishi mwanawe. Uchongaji wa vinyago ulipata bahati: Mutisya Munge wa Wamunyu, baada ya kurudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, alianza kuchonga vya kuuza, na kwa mfano wake maelfu ya watu wamelisha watoto kwa patasi na tezo. Mikufu haikumpata Mutisya wake.

Ajabu ni kwamba katika miaka ile ile ambayo shule zilikuwa zikivua mishipi, jeshi lilikuwa likiivalisha. Vijana wengi wa Ukambani waliandikwa katika K.A.R., na askari wa jeshi hilo katika gwaride alifunga kitambaa kipana kiunoni, na juu yake mshipi wenye bizimu ya shaba iliyosuguliwa mpaka ikamwonyesha sajini uso wake mwenyewe. Mtu aliyerudi nyumbani Masii au Kangundo kwa likizo na mishipi yake miwili hakuitwa mshamba na mtu yeyote.

Maafisa wao walikuwa na namna nyingine ya kupanga mikanda, na habari yake yafaa kusimuliwa. Sir Samuel Browne alikuwa afisa wa Kiingereza katika jeshi la India. Mwaka 1858, katika vita, alikatwa mkono wake wa kushoto. Upanga wa siku zile uliachwa uning'inie kwenye mshipi, na ili kuuchomoa ilibidi mkono mmoja ushike ala na mwingine uvute. Mwenye mkono mmoja angeuvuta pamoja na ala yake, na adui hangoji. Basi Browne alibuni mshipi mpana wa ngozi wenye kishikio imara cha ala, tena akaongeza ukanda wa pili unaotoka kiunoni, ukapita juu ya bega la kulia na kurudi nyuma, ili uzito wa upanga usiuvute mshipi chini. Maafisa wenye mikono miwili waliuona, wakaupenda kwa uzuri wake, na ukaenea katika majeshi na polisi wa nchi nyingi. Jambo lililozaliwa na haja ya kilema mmoja likawa pambo la wazima elfu nyingi, na wengi wao hawakuwa na upanga wa kubeba.

Huko Ulaya nako, mwaka 1947, Christian Dior wa Paris alionyesha magauni yenye kiuno kilichobanwa sana na marinda mapana, na kwa miaka iliyofuata mshipi mpana wa wanawake ukawa kitu cha lazima hata Nairobi. Yatosha kusema hayo juu ya Paris.

Sasa yafuate mambo ya kutenda. La kwanza ni upana. Mishipi miwili yenye upana sawa hugombana, na macho ya mtazamaji hayajui yatue wapi. Wa chini uwe mpana wa vidole vitatu au vinne, nao ndio ukazwe. Wa juu uwe wa kidole kimoja, au kimoja na nusu, nao ulazwe katikati ya ule mpana kama mstari uliopigwa kwa rula. Atakaye kuutenga wa pili na aulegeze ushuke penye nyonga, upande mmoja chini kidogo kuliko mwingine. Lakini asiulegeze nusu nusu, maana mshipi usiokaza wala usioning'inia huonekana kama uliosahauliwa.

La pili ni bizimu, na hapa ndipo wengi hukosea. Bizimu mbili zikipandana mbele ya tumbo hufanya nundu, na mvaaji akikaa mezani kuandika humchoma. Bizimu moja na iwe mbele, ya pili ipelekwe ubavuni au nyuma. Mshipi wa shanga unaofungwa kwa kamba za ngozi badala ya bizimu ndio unaofaa zaidi kuwa wa juu, kwa kuwa waweza kufungwa popote.

Asiye na fedha za mishipi miwili asikate tamaa. Leso iliyochakaa pindo moja bado ina mapindo mengine mazima. Likatwe pande refu lenye upana wa kiganja, lipigwe pindo kwa cherehani, lizungushwe kiunoni mara mbili likiwa bapa, kisha ukanda mwembamba wa ngozi ukazwe juu yake. Huo ndio mpango wa gwaride la K.A.R., nao humpendeza mwalimu wa shule aliyevaa gauni la rangi moja kuliko mapambo mengi ya dukani. Au leso isokotwe ikawa ukumbuu, na mkufu mmoja wa shaba uzungushwe ndani ya msokoto wake, mkufu ukionekana na kupotea. Namna hii yataka mikono miwili na kioo, lakini haitaki shilingi nyingi.

Ngozi yenyewe hupatikana kwa bei nafuu katika mitumba. Mara nyingi mshipi wa mtumba ni wa ngozi nzuri kuliko mpya wa bei hiyo hiyo, isipokuwa bizimu imepata kutu au tundu moja limepanuka. Fundi viatu aweza kubadilisha bizimu wakati mteja akisubiri. Na mwenye mshipi wa namna hiyo aweza kuupeleka kwa mama afumaye shanga, akaomba ufumwe juu yake mstari mmoja wa shanga katikati. Hivyo huwa na mishipi miwili katika mmoja, na kwa mwanamume hiyo ndiyo njia iliyo bora. Suruali ina vitanzi kwa mshipi mmoja. Wa pili ukivaliwa juu ya shati lililoachwa nje, mtu hufanana na gunia la mahindi lililofungwa katikati. Siku ya arusi au ya ngoma ni mbali na hayo, na mwenye kanzu yuko huru.

Mkulima aendaye Tala siku ya soko kuuza ng'ombe ana sababu yake ya kuvaa mishipi miwili, nayo haihusu urembo. Mkwiji wa kitambaa kigumu, ulioshonwa na mkewe, ukavaliwa ndani ya shati, juu yake suruali na mshipi wa kawaida, umewaokoa watu wengi wasipoteze bei ya fahali mzima katika msongamano wa kituo cha magari. Siku hizi fedha nyingi hukaa ndani ya simu, lakini simu nayo huibwa, na mkwiji mpana kidogo huichukua.

Rangi zataka akili. Kitenge chenye maua makubwa kikivikwa mshipi wa shanga wa rangi saba, shanga hupotea kama mbuzi katika kichaka. Shanga zataka nguo tulivu: nyeupe, ya udongo, ya bluu iliyokolea. Kitenge nacho chataka ngozi tupu, na juu ya ngozi mkufu mmoja tu. Tena mkufu usilazwe juu ya shanga kamwe. Chuma husugua uzi siku hata siku, mpaka asubuhi moja, mvaaji akiwa amesimama mbele ya mkuu wake, uzi hukatika na shanga zikamwagika sakafuni, na afisi nzima ikapiga magoti kuziokota.

Kuhusu mwili, watu wembamba wenye kiuno kirefu waweza kuvaa watakavyo. Mwenye kiuno kifupi akivaa mishipi mitatu hubaki hana kifua, basi na achague mmoja kiunoni na mmoja penye nyonga, au asivae wa pili kabisa. Mwenye tumbo kubwa asijaribu kulikata kati kwa mshipi mpana. Ukanda mwembamba uliolegezwa chini ya tumbo humsaidia zaidi. Mama mjamzito na aache kukaza kitu chochote kiunoni. Mkaja una wakati wake.

Na kazi ina mavazi yake. Wanawake wa mwethya, waliochimba matuta yaliyoihifadhi milima ya Machakos isiliwe na maji ya mvua, walijifunga leso juu ya magauni yao, na mpaka leo hakuna kifaa kilichoshinda leso shambani: huzuia gauni lisichafuke, huegemeza mgongo, na jioni hubeba kuni au mtoto. Mshipi wa shanga haufai shambani, wala mkufu unaoning'inia haufai karibu na mashine ya kusaga. Kanda za mashine hazijui tofauti ya mkufu na mkono. Abiria wa bodaboda naye na aifungue minyororo yote iliyolegea kabla ya kupanda, aitie mkobani, maana gurudumu la nyuma li karibu na nyonga zake kuliko anavyofikiri.

Majirani wa Uganda wana somo dogo la kuongeza. Gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda ambalo jina lake latokana na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, huwa na mshipi mpana wa kitambaa uliofungwa chini ya kiuno, na ncha zake huteremka mbele. Lakini ndani ya gomesi mwanamke aliyevaa sawasawa hufunga kikoi, ili kitambaa chembamba cha nje kisigande mwilini. Hakuna anayekiona kikoi hicho, na bila yake vazi lote hulegea. Wasichana wa Machakos wanaolalamika kwamba mshipi wao wa pili huteleza na kupanda juu ya gauni la hariri wangefanya vema kujaribu kitambaa cha pamba ndani yake.

Limebaki jambo la bei. Mshipi mpana wa shanga si kazi ya asubuhi moja. Ngozi hukatwa, hulainishwa, hutobolewa. Shanga huchaguliwa zilizo sawa kwa ukubwa, kwa maana moja iliyo nene hupinda mstari wote. Kisha hutungwa na kushonwa mstari kwa mstari, na mama mwenye kazi hiyo huifanya jioni baada ya kukamua na kupika, macho yake yakiwa karibu na taa. Karani anayepokea mshahara wa mwezi humwendea mama huyo sokoni, akamtajia nusu ya bei, na akikataliwa huondoka polepole akitazama nyuma, akijua kwamba ataitwa. Aghalabu huitwa, kwa sababu karo ya shule haingoji. Kupatana bei ni desturi ya soko na hakuna ubaya ndani yake. Lakini bei ikishuka chini ya ngozi na shanga zenyewe, kazi ya mikono imetolewa bure, na mwaka ujao mama huyo atakuwa anauza nyanya. Yaliyowapata wenye mikufu yaweza kumpata mwenye shanga pia.

Tena kuna washindani wasioonekana. Wafumaji wa viondo wa Ukambani waliwahi kuona viondo vya kuiga, vilivyotengenezwa kwa mashine katika viwanda vya Asia, vikiuzwa kwa bei ambayo mikono haiwezi kuifuata. Mishipi nayo imeanza kuigwa. Kuna ya plastiki iliyopigwa chapa ya shanga, na kuna yenye shanga za plastiki zilizobandikwa kwa gundi juu ya karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya ngozi. Kuitambua si kazi kubwa. Ushanga wa kioo ukiguswa kwa shavu ni wa baridi, na ukigongwa kwa ukucha hulia. Wa plastiki una uvuguvugu na hauna sauti. Ngozi ya kweli ikikunjwa hufanya mikunjo midogo inayopotea, na ukingo wake uliokatwa huonyesha nyuzi nyuzi. Ya karatasi hupasuka rangi. Mnunuzi na augeuze mshipi aangalie mgongo wake. Uzi uwe umefungwa fundo mahali pengi, ili ukikatika mahali pamoja ipotee mistari miwili au mitatu, si kazi yote.

Ukiisha kununuliwa, mshipi wa shanga usifuliwe kwa maji. Ufutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, kisha kikavu, hasa upande wa ndani penye jasho. Rangi ya viatu ipakwe kwenye ngozi kwa kidole, mbali na shanga, kwa kuwa ikiingia kati yao haitoki. Usikunjwe kuwa duara dogo na kutiwa mfukoni. Utundikwe kwa bizimu yake msumarini, au ulazwe bapa chini ya nguo sandukuni. Mikufu ikae peke yake katika kitambaa.

Atakayeagiza mshipi wa kuvaliwa juu ya mwingine ajipime akiwa amevaa nguo zake zote pamoja na mshipi wa chini, si akiwa na shati tupu. Uzi wa kupimia uzungushwe juu ya ule mpana, uongezwe upana wa vidole viwili, na ndipo fundi apewe uzi huo wenyewe badala ya kutajiwa nambari. Fundi atoboe tundu tano, na bizimu ifike katika tundu la tatu, ili kuwe na nafasi ya kukaza wakati wa njaa na ya kulegeza baada ya mavuno.